Mlinzi Asiyepewa Orodha Mpya: Tuiache Kinga ya Kompyuta Ijisasishe Yenyewe

Hotuba iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, katika ukumbi wa ofisi ya kata. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nilipokuwa naingia, mzee mmoja aliniuliza hapo mlangoni kama nimekuja kuzungumzia virusi vya mahindi au virusi vya watu. Nilipomjibu kuwa ni vya kompyuta alicheka, akasema basi yeye yu salama, kwa kuwa hana kompyuta. Alipofika nusu ya njia ya kuondoka akakumbuka kwamba mjukuu wake anayo, na kwamba maombi ya leseni ya duka lake yalijazwa katika kompyuta hiyo hiyo. Akarudi, akaketi. Yupo pale safu ya tatu, nami namshukuru.

Mzee wetu ameieleza hali yetu vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandika katika karatasi hii. Leseni ya biashara siku hizi huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na namba ya kumbukumbu ya malipo hutoka humo humo. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa kwa mtandao. Vikundi vya kuweka na kukopa hutunza hesabu katika kompyuta ya katibu. Kwa hiyo kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa sebuleni mwa jirani inaweza kuwa imebeba namba za vitambulisho vya Taifa, risiti, mikataba na nywila za kaya tano au sita ambazo hazijawahi hata kuigusa.

Nianze na kisa kilichotokea katika kata jirani. Wahusika wameniruhusu kukisimulia, mradi nisiwataje.

Kikundi cha wanawake kilichokuwa kimepata mkopo wa Halmashauri, kutokana na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, kilikuwa na katibu hodari sana. Aliweka daftari lote la kikundi katika kompyuta yake ya nyumbani: nani amekopeshwa kiasi gani, nani amerejesha, nani ameomba kuongezewa muda. Kompyuta ilikuwa imenunuliwa ikiwa imeshatumika, na muuzaji, kwa nia njema, alikuwa amemwekea programu ya kuzuia virusi ya kulipia, yenye kibali cha mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Alama ya programu ile ikabaki palepale kwenye kona ya skrini, na kila kompyuta ilipowashwa ujumbe ulijitokeza kusema kwamba muda umekwisha. Katibu aliufunga ujumbe huo kila siku, kama ambavyo wengi wetu humu tungeufunga, kwa kuwa ulikuwa kwa Kiingereza na kwa kuwa alikuwa na kazi ya kufanya.

Siku moja kijana wake alileta kwa flashi programu ya kuhariri video, aliyoipata kwa rafiki ikiwa imevunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Asubuhi yake kila faili katika kompyuta ile lilikuwa limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina lake, na hakuna hata moja lililofunguka. Katika kila folda kulikuwa na barua fupi: lipeni dola 980 mpewe ufunguo, mkiwahi ndani ya saa 72, bei ni nusu, yaani dola 490. Wanaofuatilia mambo haya wanaijua barua hiyo. Ni ya aina ya programu hasidi iliyowafikia watu wa kawaida katika nchi nyingi, na njia yake kuu imekuwa ni hizo hizo programu zilizovunjwa kufuli.

Kikundi hakikulipa, nami nasema walifanya vema, kwa kuwa anayelipa hana hakika ya kupewa ufunguo. Lakini walikaa wiki tatu wakikusanya upya hesabu zao kutoka vipande vya karatasi, risiti za benki na jumbe za malipo zilizobaki katika simu za wanachama. Karibu zote zilipatikana. Haikupatikana rejesho moja ambayo mwanachama mmoja anaapa aliitoa taslimu na mweka hazina anaapa hakuipokea. Wanawake hao wawili walikuwa mashoga tangu shule ya msingi. Leo mmoja akifika kisimani, mwingine huondoka.

Jambo lililoniuma katika kisa hiki ni kwamba kinga ilikuwapo. Kama mngemuuliza katibu yule siku moja kabla, angewaambia bila kusita kwamba kompyuta yake inayo programu ya kuzuia virusi, na angewaonyesha alama yake.

Naomba niieleze kazi ya programu hiyo kwa mfano wa hapa kwetu. Tunao walinzi wa ulinzi shirikishi. Tuseme mlinzi anakaa njia panda usiku, na mkononi amepewa orodha yenye picha za watu wanaotafutwa. Akipita mtu aliyemo katika orodha, anamzuia. Programu ya kuzuia virusi nayo inayo orodha ya namna hiyo: alama za utambulisho za programu hasidi zinazojulikana. Faili linapofunguliwa, linapopakuliwa au linapotoka kwenye flashi, programu hulilinganisha na orodha. Programu za siku hizi hufanya na zaidi ya hapo. Huangalia pia mwenendo, kama vile mlinzi anayemtilia shaka mgeni anayejaribu vitasa vya milango kumi kwa dakika moja, na zikiwa mtandaoni huweza kumuuliza mtengenezaji wao kuhusu faili wasilolifahamu. Hata hivyo orodha imebaki kuwa msingi, na hata huo utambuzi wa mwenendo hufundishwa upya kwa njia ileile ya masasisho.

Sasa, orodha hiyo huchakaa kwa kasi gani? Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, husajili zaidi ya programu mpya 450,000 za hasidi au za kutiliwa shaka kila siku. Nyingi ni watoto wa mama mmoja waliobadilishwa mavazi, lakini mavazi hayo hutosha kumpita mlinzi mwenye picha ya mwaka jana. Ndiyo maana watengenezaji hutoa orodha mpya mara kadhaa kwa siku moja. Hakuna mwenye nyumba atakayekumbuka kubonyeza mara kadhaa kwa siku, wala hata mara moja kwa wiki. Kazi hii haikupangiwa kumbukumbu ya binadamu. Imepangwa ifanywe na kompyuta yenyewe, na sisi tunachotakiwa ni kutoizuia.

Na hapa ndipo tunapokosea, kwa kuwa tunaizuia kweli, wengi wetu bila kujua.

Kompyuta nyingi za nyumbani katika kata hii zinatumia Windows 10 au Windows 11. Mifumo hiyo imekuja na kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender, isiyodaiwa malipo ya mwaka wala kibali. Hujisasisha yenyewe kupitia huduma ileile inayoleta masasisho ya Windows. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida nyumbani, kinga hiyo inatosha. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wauzaji watakaoninunia. Kinga ya kulipia haina ubaya, mradi mwenye nayo ataendelea kuilipia. Ila inapowekwa, Defender hujiweka kando ili walinzi wawili wasigombane mlangoni. Ya kulipia ikishapitwa na muda, usiiache ikae pale kama pambo. Iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, kisha uhakikishe kwamba Defender imerudi kazini. Katibu wetu angefanya hivyo, angekuwa na mlinzi aliye macho bila kutoa shilingi.

Kizuizi cha pili ni bando. Ndugu zangu mafundi wa kompyuta mliomo humu, msinichukie, maana najua mlifanya kwa huruma. Mteja analalamika kwamba kompyuta yake inakula bando. Fundi anaizima huduma nzima ya masasisho, na bando linadumu. Mteja anafurahi. Lakini kinachokula bando ni yale masasisho makubwa ya Windows yenyewe, ambayo huweza kufikia gigabaiti kadhaa. Orodha ya kinga hula kidogo sana kwa kulinganisha, kwa sababu kompyuta inayosasishwa mara kwa mara huletewa tofauti tu kati ya orodha ya jana na ya leo. Fundi anapoizima huduma nzima, anakuwa amefunga bomba la bustani na la jikoni kwa pamoja.

Njia nzuri zaidi ipo. Katika mipangilio ya masasisho ya Windows kuna mahali pa kuyasimamisha kwa muda, hadi siku 35. Ukiyasimamisha kwa njia hiyo, masasisho makubwa husubiri, lakini orodha ya Defender huendelea kuletwa. Siku ukipata intaneti ya bei nafuu, au kifurushi cha usiku, unayaruhusu makubwa nayo yaingie. Yasisahauliwe, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Linalofanana na hilo ni mpangilio wa kuutambulisha mtandao kuwa ni wa kupimiwa, yaani wenye kiasi maalumu cha data. Tunaotumia intaneti inayotoka kwenye simu huuwasha sana mpangilio huu, na mara nyingine kompyuta huutambua mtandao wa simu hivyo bila kuulizwa. Katika hali hiyo kompyuta huahirisha upakuaji mwingi, na orodha ya kinga inaweza kuwa miongoni mwa vilivyoahirishwa. Mtu anaweza kuingia mtandaoni kila siku kwa miezi mitatu na orodha ikabaki ya miezi mitatu iliyopita. Ikiwa hiyo ndiyo intaneti pekee uliyo nayo, uzime mpangilio huo japo mara mbili kwa wiki, ubonyeze kitufe cha kutafuta masasisho ya kinga, kisha uuwashe tena. Hapo nimekubali kwamba si kazi ya kujiendesha yenyewe kikamilifu, lakini maisha ya bando ndivyo yalivyo.

Kipo pia kisababishi kimoja ambacho watu huniona kama natania ninapokitaja: saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta za mezani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoitunza saa umeme unapozimwa. Katika kompyuta za miaka mingi betri hiyo huwa imekufa, na kila inapowashwa kompyuta hudhani ni mwaka wa zamani sana. Kabla ya kupokea sasisho, kompyuta huuliza hati ya utambulisho ya kule linakotoka, na hati hiyo ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni Januari ya mwaka 2010 huiona hati ya leo kuwa batili, ikaikataa. Mwenye nyumba huona tu kwamba masasisho yameshindikana na kurasa nyingi za mtandao hazifunguki. Betri yenyewe huandikwa CR2032, na huuzwa hata kwa mafundi saa.

Naomba sasa nieleze ni kwa nini nilisema masasisho makubwa nayo yasisahauliwe. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo na kufunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na magari ya wagonjwa yakalazimika kuelekezwa kwingine. Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa, ila haikuwa imefika katika kompyuta zile. Kwa hiyo mlinzi wa njia panda ni muhimu, na ukuta usio na tundu ni muhimu vilevile. Vyote viwili huletwa na huduma ileile moja ambayo tumeizoea kuizima.

Hilo linawagusa kwa namna ya pekee wenye Windows 10. Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya Defender itaendelea kuletwa katika mfumo huo hadi Oktoba 2028, kwa hiyo ngao yenu itaonyesha kijani, nanyi mtaamini kwamba yote yako sawa. Lakini matundu mapya ya Windows 10 hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika utaratibu wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika 13 Oktoba 2026. Anayeweza kuhamia Windows 11 ahamie. Ambaye kompyuta yake haikubali, na ni wengi, asiitumie kwa mambo ya fedha na siri za watu wengine bila kupata ushauri. Wa Windows 7 sina la kuwafariji. Huduma yake iliisha Januari 2020.

Kijana mmoja aliniuliza wiki iliyopita swali zuri: je, sasisho lenyewe haliwezi kuleta madhara? Linaweza. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka. Ndege zilikwama, hospitali na benki zikataabika. Hizo zilikuwa kompyuta za mashirika, si za sebuleni, lakini funzo linatuhusu, kwa hiyo sitalificha. Jibu langu ni kwamba sasisho bovu hutokea kwa nadra na hurekebishwa na aliyelitoa, ilhali programu hasidi hutoka kila saa na hakuna anayekuja kukurekebishia. Na kwa yote mawili dawa ya akiba ni moja: nakala ya pili ya mafaili yako, katika flashi au diski ya nje ambayo haibaki imechomekwa. Iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Kwa makatibu wa vikundi naongeza neno. Mnapotunza namba za vitambulisho na madeni ya wenzenu, mnashika taarifa binafsi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zitunzwe kwa usalama. Sisemi haya ili kuwatisha. Nasema ili mwenyekiti wa kikundi akikuuliza kwa nini unataka fedha kidogo ya bando kwa ajili ya kompyuta, uwe na la kumjibu.

Mama mmoja ameniandikia karatasi kwamba nyumbani kwake hakuna intaneti kabisa, na flashi yake huenda steshenari na kurudi. Mama, wewe ndiye uliye hatarini kuliko anayeingia mtandaoni kila siku, maana flashi iliyopita katika kompyuta za watu ishirini huleta vya watu ishirini. Mnavijua vile virusi vinavyoficha folda zako na kuacha alama zenye mshale mahali pake. Kwa hali yako kuna faili la orodha nzima linalotolewa bure na Microsoft. Huzidi megabaiti 100, hupakuliwa katika kompyuta yenye intaneti, hubebwa kwa flashi na kufunguliwa katika yako. Nasi watu wa kipato hiki tusione haya kumwomba jirani. Na kwa yeyote ambaye kompyuta yake imelala siku nyingi: ukiiwasha, iache kwanza mtandaoni kwa muda ipate orodha mpya, ndipo uchomeke flashi.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua kompyuta. Mkiwa katika kurasa za mtandao, maandishi mekundu yakijitokeza kusema kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa usasishe kinga, msibonyeze. Sasisho la kweli haliji kwa njia ya ukurasa wa mtandao. Huja kimyakimya, na ushahidi wake huonekana mahali pamoja: fungueni Windows Security, yenye alama ya ngao, ingieni sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, mshuke hadi panapoonyesha tarehe na saa ya sasisho la mwisho. Msiishie kwenye rangi ya ngao. Someni tarehe. Ikiwa ni ya leo au jana, funikeni kitambaa mkalale.

Afisa wetu wa TEHAMA amekaa meza ya nyuma, karibu na soketi, na anayo flashi yenye orodha ya leo asubuhi. Waliokuja na kompyuta mpakato wapange mstari. Tuanze na ya mjukuu wa mzee wetu. Naona chaji yake imebaki asilimia 11, na tarehe iliyoandikwa pale ni ya Machi mwaka jana.